Nani Anakaza Shokapu za Nyigu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri na mimi nimeanza kuandika, kwa sababu nisipoandika nitamzaba mtu kofi. Mwalimu wa udereva haruhusiwi kuzaba watu makofi, hata wale wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki.

Hali ni hii. Mwaka jana Baba aliteleza kwenye ngazi za nyuma, paja likavunjika, likatiwa chuma. Mfupa umeunga. Goti ndilo limegoma kukunja. Kila Alhamisi nampeleka kliniki ya mazoezi, na mtaalamu wa huko, mwanamke mwenye sauti ya kiranja ambaye Baba amembatiza Bi Mazoezi, amesema bila kuficha: asipohudhuria msimu huu wote, goti litakakamaa moja kwa moja, na kiti cha magurudumu tulichoazima ndiyo tumekioa.

Sasa barabara. Nusu ya kwanza ni lami, nusu ya pili ni mashimo yaliyoshikana mikono. Na gari ni Nyigu wangu: fupi, la manjano, mlango mkubwa nyuma, injini ya turbo. Nililinunua kwa sababu linakimbia na sijawahi kujuta. Lakini shokapu zake zimekufa, na Alhamisi iliyopita Baba alipiga yowe kwenye kila shimo. Tulipofika nyumbani akasema, "Sirudi tena. Afadhali nikae." Anayesema hivyo ameendesha malori maisha yake yote.

Watu wananishauri nikodi teksi. Hawamjui Baba. Yeye hapandi gari la mtu. Msemo wake ni kwamba gari usilolizunguka si la kupanda. Enzi zake, kabla ya kila safari, alilizunguka lori zima, akishika nati moja moja, na iliyocheza akaikaza. Utoto wangu wote nimesubiri kwenye ngazi ya lori huku mwenye lori anazunguka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mwanafunzi ameingia mtaroni. Hakuna aliyeumia isipokuwa mimi, moyoni.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamua kubadilisha shokapu zote nne. Springi hubeba gari. Shokapu ndiyo inayolituliza lisiendelee kurukaruka baada ya shimo. Nimechagua zile za kurekebishika. Kila moja ina kigurudumu kidogo chini kabisa, nyuma ya tairi, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Ukikizungusha kulia shokapu inakuwa ngumu, kushoto inakuwa laini. Mtu yeyote mwenye vidole anaweza, ilimradi akubali kupiga magoti.

Nilikwenda gereji na mdogo wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba maboksi. Hilo lilikuwa kosa.

"Nataka ziwe laini," nilimwambia fundi. "Gari linabeba mgonjwa."

Fundi akamgeukia mdogo wangu. "Bosi, hili unalikimbizia wapi?"

"Gari ni langu," nikasema.

"Sawa, dada." Akaendelea naye: "Kaka, gari kama hili ukilivalisha shokapu laini unalitukana."

Mdogo wangu, ambaye ana pikipiki na leseni ya pikipiki tu, akaitikia kwa kichwa kama mhandisi. "Na tungelishusha kidogo chini," akasema.

Nilimtazama mpaka akakumbuka nani alimfulia nguo za shule.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzima gereji. Fundi ana mikono mizuri, sitamnyima haki yake. Bolti zilizoota kutu amezifungua bila kuvunja hata moja. Lakini ana haraka ya mtu anayesubiriwa na chakula. Nilimwona anakaza bolti za maungio ya chini huku Nyigu bado ananing'inia juu ya jeki. Ndani ya maungio hayo kuna bushi, ile mipira midogo, na bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa hewani, siku ukilishusha mipira inajisokota na kuanza kulia.

Nikamwambia.

"Dada, kaa kivulini, hapa kuna mafuta, utachafua nguo," akanijibu. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Kivuli gani?

Alhamisi, 14 Machi

Baba alikubali kujaribu mara moja, kwa sababu nilimwambia gari limefanyiwa matengenezo. Sikuingia katika maelezo, ningemchosha bure.

Yowe tangu tulipoacha lami. Tulipofika kliniki alikuwa na jasho la mwenye homa. Bi Mazoezi akamwuliza, "Mzee, unalalaje?" Nikamjibu kwamba halali vizuri, anageuka geuka. Akamwomba apige magoti kwenye godoro, kidogo tu, ashike kiti.

"Goti hili limekufa," Baba akasema. "Maiti haipigi magoti."

Nilipomrudisha nikainama nyuma ya tairi. Vigurudumu vyote vinne vimekazwa kulia mpaka mwisho! Nilisema laini. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya shahidi. Na bushi zinalia kama mlango wa banda la kuku.

Nimevifungua mwenyewe, magoti kwenye tope. Nikazunguka nalo mtaa mzima na barabara ya nyuma ya soko. Sijawahi kuliona gari hili lina adabu hivyo. Linakimbia vilevile, ila shimo linalipokea kistaarabu, linazama, linainuka mara moja, basi.

Jumamosi, 16 Machi

Fundi alipita nyumbani kuomba radhi. Akamwomba radhi mdogo wangu.

Jumatano, 20 Machi

Nyigu amelala gereji jana, bushi zimelegezwa na kukazwa upya, safari hii magurudumu yakiwa chini. Nimelichukua leo jioni. Kelele zimekwisha. Kabla ya kuingia ndani niliinama nikahakikisha vigurudumu: laini vyote. Kesho Baba atasinzia njiani.

Alhamisi, 21 Machi

Hakusinzia.

Asubuhi nilikuwa na somo la alfajiri kama kila Alhamisi, kwa gari la shule ya udereva, nikarudi nyumbani, nikamkuta Baba ameketi barazani amevaa, kofia kichwani, anasubiri. Mdogo wangu alikwisha kwenda kazini. Tukampakia Baba mimi na mkongojo wake. Shimo la kwanza tu nikajua. Nilijua kwa makalio yangu mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Nilisimamisha gari kando, nikashuka kwenye mvua, nikainama. Vimekazwa. Vyote vinne, kulia, mpaka mwisho.

Nilivilegeza palepale, lakini Baba alikwisha umia, na huko kliniki hakufanya zoezi hata moja. Alikaa anatazama ukuta. Bi Mazoezi akaniambia pembeni, "Msimu ukiisha hivi, mimi sitakuwa na la kufanya."

Nilikwenda gereji moja kwa moja. Fundi alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu nje. Nikaiambia ile miguu kila kitu. Nikasema kwamba yeye ni mtu asiyesikia, kwamba ameligeuza paja la baba yangu uwanja wa kuonyeshea ubishi wake, na kwamba kama gari langu linatukanwa kwa kuwa laini, basi ni mimi mwenye haki ya kulitukana. Wateja wawili waliacha soda zao.

Fundi akajitoa chini. Kwa mara ya kwanza akanitazama mimi. "Mama, sikugusa. Niliviacha ulivyoviweka wewe."

"Basi vimejikaza."

"Sijui. Lakini si mimi."

Waongo wote wana macho makavu namna hiyo.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Suruali ya Baba ya kulalia ina tope magotini. Nimemwambia mdogo wangu akimsaidia kwenda bafuni asimburute kama gunia. Anasema hajamburuta. Katika nyumba hii hakuna anayefanya kitu.

Jumatano, 27 Machi

Nyigu hajakanyaga gereji wiki nzima. Jioni nimeangalia vigurudumu: laini.

Alhamisi, 28 Machi

Vimekazwa.

Nimegundua kwenye shimo la kwanza, Baba ameshapiga yowe. Nimekaa na kufikiri. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alisema gari lishushwe chini? Nani aliyeitikia kwa kichwa fundi aliposema laini ni matusi? Nani aliyeazima Nyigu jana jioni kwenda kununua mkate, safari ya dakika tano, akarudi baada ya saa nzima ananukia vumbi la breki?

Nilimsubiri mlangoni.

"Dada, nilikimbiza kidogo, ndiyo. Vigurudumu sijui hata viko wapi."

"Viko nyuma ya tairi."

"Sasa ndiyo najua." Alipoona sicheki akaacha kucheka. "Naapa kwa kaburi la Mama. Kweli unadhani mimi namuumiza Baba?"

Nilisema ndiyo. Nikamnyang'anya funguo. Akasema funguo hazina maana, vigurudumu viko nje ya gari, hata paka anaweza. Ana haki, na hilo limenikasirisha zaidi.

Baba alikuwa sebuleni na alisikia yote. Au alisikia makelele tu, maana hakuna aliyemweleza kitu. Alizima redio akasema, "Mimi kliniki basi. Mnagombana kwa ajili yangu, na mie naumia bure. Basi."

Jumanne, 2 Aprili

Basi ni basi. Anakula, anatazama dirisha. Kiti cha magurudumu amekisogeza karibu na kitanda mwenyewe.

Alhamisi, 4 Aprili

Hatukwenda. Nimevaa, nimepiga honi, nimebembeleza. Ukuta.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimeinama kuangalia Nyigu, nikiwa na uhakika wa kukuta maajabu. Laini vyote, kama nilivyoviacha Jumatano. Adui amepumzika wiki hii. Mdogo wangu hasemi nami. Anapita na sahani yake anakula chumbani, na mimi siwezi kumeza chakula nikiisikia ile sahani.

Jumanne, 9 Aprili

Bi Mazoezi amepiga simu akaomba kuongea na Baba mwenyewe, si mimi. Sijui alimwambia nini. Baba alisikiliza, akasema, "Eh. Eh. Haya." Kisha akaniambia, "Alhamisi. Lakini uendeshe kama umebeba mayai."

Alhamisi, 11 Aprili

Vimekazwa.

Safari hii nilitazama kabla ya kuondoka, nikavilegeza, tukaenda. Hakupiga yowe hata moja. Njiani akasema, "Leo barabara wameitengeneza?" Nikaikodolea barabara macho nisilie. Kumbe inawezekana. Kumbe wiki zote hizi angeweza kwenda bila maumivu, na kuna mtu, mtu ninayemjua, anayeingia uani kwangu kila Alhamisi kumnyima. Nitamkamata. Nikimkamata sijui nitafanya nini, lakini atanikumbuka.

Alhamisi, 18 Aprili

Nataka kuandika haya kwa utaratibu.

Mwanafunzi wa alfajiri alipiga simu kusema haji, anaogopa mvua. Kwa kawaida ningempa somo kwenye simu. Leo nikaona ndiyo bahati yangu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, mwavuli mkononi, nikaingia kwa geti la nyuma polepole.

Kulikuwa na mtu nyuma ya Nyigu. Niliona kwanza mkongojo, umeegemezwa kwenye mlango wa nyuma. Kisha kofia.

Baba alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Magoti yote mawili. Mkono mmoja ameshika tairi, mwingine ameupitisha nyuma yake mpaka begani, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama zamani anapokaza kitu asichokiona. Mwavuli nilikuwa nimeushika tu, umefungwa, mvua inanimwagikia.

Hakuniona. Alimaliza, akalishika tairi kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akajiinua. Mguu mzima kwanza, ule wa chuma ukifuata ukitetemeka. Akasimama hapo akihema, ameegemea gari. Akauchukua mkongojo, akaenda tairi la upande wa pili, akaanza kushuka tena. Lile goti lililokufa lilikunja.

"Baba."

Hakushtuka. Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyechelewesha safari.

"Umefika. Njoo uone ujinga wa fundi wako. Kila wiki nati hizi zimelegea. Kila wiki nakaza, wiki inayofuata zimelegea tena, zote nne. Wewe unafundisha watu udereva, unaendesha gari lililolegea, hulizunguki? Unataka kuniua?"

"Si nati hizo, Baba."

"Kitu kikigeuka ni nati."

Nikamweleza. Nilimweleza nikiwa nimechuchumaa kwenye tope mbele yake, kwamba kulia ni ngumu, kushoto ni laini, kwamba mimi ndiye ninayezilegeza kila wiki kwa ajili ya paja lake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yale mayowe," akasema taratibu, "nilikuwa najipigisha mwenyewe."

"Ndiyo."

Nilidhani atacheka. Uso ukamwiva kwa hasira. "Na mbona hukuniambia? Shokapu mpya zimefungwa, nani aliniambia? Mmegombana wewe na mwenzio, nani aliniambia mnagombania nini? Bi Mazoezi akiniuliza nimelalaje, unajibu wewe. Mimi nimevunjika paja. Masikio sikuvunjika."

Hasira yangu yote, mwezi na nusu nimeilea kama kuku wa mayai, ikakosa pa kutua. Nilimwona fundi akimgeukia mdogo wangu na kuongea naye juu ya gari langu, nikaona ni dharau, na ilikuwa dharau. Nyumbani fundi nilikuwa mimi.

"Nisamehe, Baba," nikasema. Kisha nikasema: "Lakini umepiga magoti."

Akayatazama magoti yake. Yalikuwa tope tupu. Aliyatazama kama ni ya jirani.

"Ningekazaje?" akasema. "Nisimame?"

Kliniki Bi Mazoezi alipouliza analalaje, niliuma mdomo. Baba akajibu kwa kirefu. Analala vizuri kabisa, kumbe; anageuka kwa sababu godoro lina bonde. Nikaombwa nisimulie niliyoyaona. Bi Mazoezi akasikiliza, mikono kiunoni, kisha akamwonyesha godoro. "Basi mzee, piga magoti."

"Hapa nipige magoti nikaze nini?" Baba akauliza. Na hakupiga.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekwenda gereji kuomba radhi, na sikuitumia njia ya mkato. Nilimwita fundi atoke chini ya gari, nikasema mbele ya wateja, kwa sauti ileile niliyomtukania. Alijifuta mikono muda mrefu.

"Mimi pia kuna siku nilimjibu mtu asiyeniuliza," akasema. Nadhani hiyo ilikuwa radhi. Nimeipokea.

Nikamweleza la Baba: kwamba sasa anajua vigurudumu haviguswi, kwa hiyo hana cha kukaza, na asiye na cha kukaza hapigi magoti. Fundi akafikiri, akaingia stoo, akatoka na mipira minne ya kuzuia tope.

"Hii inafungwa nyuma ya kila tairi, kwa ndani, nati moja moja," akasema, akiniambia mimi. "Nati ya kawaida. Hiyo kulegea ni kawaida yake. Hasa ikilegezwa."

Mdogo wangu nilimnunulia mkate. Alisema ni mkate mdogo mno kwa mtu aliyeapishwa kwa kaburi la Mama. Tumekula sebuleni.

Jumatano, 24 Aprili

Nimelegeza nati.

Alhamisi, 25 Aprili

Baba alitumia asubuhi nzima. Akaja kulalamika kwamba nati za siku hizi hazina uaminifu. Barabarani, kimya. Shokapu zimefanya kazi yake.

Jumatano, 1 Mei

Nimelegeza nati. Mvua imepungua.

Jumatano, 8 Mei

Nimelegeza nati. Bi Mazoezi anasema goti linakunja kuliko alivyotarajia, na anataka kujua tunampa mazoezi gani nyumbani.

Jumatano, 15 Mei

Siku ya kwanza bila wingu. Kiti cha magurudumu kimerudishwa kilikoazimwa. Mdogo wangu amekipeleka akikisukuma mtaani huku amekikalia. Nilikuwa nalegeza nati mwanafunzi akapiga simu kudai hajafundishwa kurudi nyuma. Wiki tatu nimemfundisha kurudi nyuma! Nimemjibu mpaka simu ikazima, nikaingia ndani nikiendelea kumbishia peke yangu.

Alhamisi, 16 Mei

Asubuhi nilikuwa jikoni, namsikia Baba uani akizunguka: anashuka, anakaza, anapanda. Mkongojo umebaki barazani. Tairi la mwisho alikawia. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amepiga magoti kando ya Nyigu, amejipumzisha juu ya visigino vyake, anatazama nyumba.

Akaingia akinawa mikono.

"Ya nyuma kushoto imekaza," akasema. "Jana hukuilegeza."

Nilijifanya natafuta funguo, nazo nilikuwa nimezishika.

"Wiki ijayo zilegeze zote," akasema Baba, na kwa kweli alikuwa amekasirika. "Sipendi kazi nusu nusu."